MWALIMU ATOE HESABU, NA TAJIRI WAKE ATOE HESABU

Ndugu wafanyakazi,

Katika mkutano wa tawi letu uliopita ilisomwa barua ya kutuomba tuwaunge mkono walimu wa shule za serikali katika madai yao ya mshahara na ya kuandikwa kazi ya kudumu. Katibu alikuwa hajafika nusu ya barua kelele zikaanza. Mmoja akasema mwalimu ni mtu wa likizo, mara tatu kwa mwaka yuko kwao analima na mshahara unaingia. Mwingine, fundi wa karakana ambaye mimi namheshimu sana, akasimama akasema mwalimu alipwe kwa kipande: watoto wangapi wamefaulu mtihani, shilingi ngapi. Akapigiwa makofi mengi. Kisha ikaamuliwa barua ingoje mkutano ujao, na sisi sote tunajua kwamba kungojesha barua ni njia ya kuiua bila kumwaga damu.

Mimi ni mmoja wa wale ambao hawakupiga makofi. Saa zilikuwa zimekwisha, basi namjibu fundi hapa katika karatasi yetu, mbele ya wote, ili naye akitaka anijibu mbele ya wote.

Nianze na yale ambayo fundi amesema kweli, maana hayakuwa machache. Watoto wetu hapa landi wanasoma shule ya serikali. Hatuna pesa za shule nyingine. Asubuhi mtoto anatoka na kitabu, jioni anarudi na kitabu, na katikati hatujui kilichofanyika. Mwaka 2013 Benki ya Dunia ilitoa taarifa ya uchunguzi wa shule za msingi za Kenya. Watu wao waliingia shuleni bila kutoa habari mbele. Walikuta kwamba mtoto wa shule ya serikali hufundishwa kwa kweli chini ya saa tatu kwa siku, na ratiba iliyobandikwa ukutani inasema zaidi ya saa tano. Na jambo la kuudhi zaidi ni hili: walimu wengi waliokosekana darasani walikuwa wamefika shuleni. Walikuwa pale pale uwanjani, au ofisini, au chini ya mti, na darasa linapiga kelele peke yake.

Sisi wa reli tunalijua jambo hilo, wala halina jina la Kizungu. Mtu aliyetia sahihi katika kitabu cha kuingia kazini, kisha akaonekana kivulini wakati gengi linainua mataruma, nyapara anajua la kumfanya.

Tena kuna biashara ya jioni. Sheria ya Elimu ya mwaka 2013 ilikataza masomo ya kulipia wakati wa likizo. Hata hivyo mzazi anaitwa, anaambiwa kwa sauti ya upole kwamba mtoto wake "yuko nyuma," na kwamba kwa shilingi kadha wa kadha mwalimu yule yule anaweza kumsaidia saa za jioni. Kilichokosekana saa tatu asubuhi bila malipo kinapatikana saa kumi na moja jioni kwa malipo. Mwenye duka akifanya hivyo na sukari tunamwita mlanguzi.

Haya nayakubali yote, na walimu wasinikasirikie. Lakini fundi alitoka hapo akaruka mpaka kwenye jawabu ambalo halitokani na hayo. Alisema: basi asiongezwe mshahara, na ule anaopata ufungwe kwenye mtihani. Hapo ndipo tunapoachana.

Sikilizeni kwanza habari za tajiri wa mwalimu. Maana hesabu ya kazi ni ya watu wawili, anayefanya na anayelipa, na katika mkutano wetu alihesabiwa mmoja tu.

Mwezi wa Oktoba 1997, uchaguzi ukiwa mlangoni, walimu waligoma nchi nzima wakiongozwa na Ambrose Adongo, katibu mkuu wa KNUT. Mimi nilikuwa mtoto mdogo katika shule ya msingi iliyojengwa na misheni, na kwetu sisi watoto ile ilikuwa sikukuu. Serikali ya Moi ikakubali kuongeza mishahara asilimia 150 hadi 200, kwa mafungu matano, na jambo hilo likachapwa katika Gazeti la Serikali. Fungu la kwanza likalipwa. Kura zilipokwisha kuhesabiwa, serikali ikasema haina pesa. Walimu wakagoma tena mwaka 1998, wakagoma tena mwaka 2002. Mkataba uliotiwa sahihi na kuchapwa ukageuka kitu cha kuombwa kama sadaka.

Na wale wazee waliostaafu katika miaka ile? Pensheni yao ilihesabiwa kwa mshahara wa zamani, kana kwamba mkataba wa 1997 haukuwako. Walikuwa zaidi ya watu 50,000. Wakaenda Mahakama Kuu ya Nakuru, na mwaka 2008 mahakama ikasema walipwe haki yao. Ikafuata kesi juu ya kesi, tarehe juu ya tarehe. Wengi walizikwa bila kuona senti moja ya hukumu ile. Sisi tunaofanya kazi njia ya Nakuru tumewaona wazee hawa wakishuka na bahasha zao za kaki, wamevaa koti la zamani lililopigwa pasi vizuri, wakienda kusikiliza kesi.

Haya, mwaka 2015. Tarehe 30 Juni Mahakama ya Kazi iliwapa walimu nyongeza ya asilimia 50 hadi 60. Serikali haikulipa. Walimu wakagoma Septemba, wiki tano. Rais Uhuru Kenyatta akasema hadharani kwamba serikali haiwezi kulipa na haitalipa. Shule zikafungwa kwa amri, mshahara wa Septemba wa walimu ukazuiwa, na mwezi wa Novemba Mahakama ya Rufani ikaifuta ile hukumu. Sisemi majaji wa rufani hawakuwa na sababu zao za sheria. Nasema hivi: kati ya Juni na Novemba palikuwa na hukumu, na mtu aliyeidharau hukumu hiyo hakuadhibiwa, ila mtu aliyedai itekelezwe alikaa mwezi mzima bila unga nyumbani.

Mwaka 2021 ukaja mkataba wa miaka minne ambao haukuwa na hata shilingi moja ya nyongeza ndani yake. Walimu walitia sahihi karatasi tupu! Mwaka 2023 wakaongezwa asilimia 7 hadi 10, igawanywe mara mbili. Fungu la pili lilipofika mwaka 2024 serikali ikaanza tena kusema mfuko umetoboka, na ilibidi KUPPET wagome mwisho wa Agosti, siku ile ile shule zilipofunguliwa. Julai 2025 ukatiwa sahihi mkataba mwingine. Mwalimu aliyeona yote hayo, mkimwambia kuna mkataba mpya, atawauliza fungu la pili litalipwa lini kabla hajauliza la kwanza ni kiasi gani.

Sasa tajiri wa namna hii ndiye anayesimama mbele ya wazazi akisema walimu hawatoi hesabu! Fundi yangu, wewe ungekubali kupimwa kazi na mtu ambaye hajawahi kutimiza neno lake?

Tuje kwenye mzigo. Hapa sihitaji kueleza sana, maana naandika kwa watu wa reli. Kila injini ina mzigo wake ulioandikwa. Injini moja ikifungwa mabehewa ya injini mbili kupanda Timboroa, itakwama, magurudumu yatazunguka mahali pamoja mpaka reli iwe nyekundu. Hakuna mtu hapa atakayesema dereva ni mvivu. Tutauliza nani aliandika ile treni.

Januari 2003 serikali ya Kibaki ilifuta karo ya shule za msingi. Watoto zaidi ya milioni moja waliokuwa nje wakaingia kwa mara moja, na lilikuwa jambo jema kuliko mengi yaliyofanywa nchini humu. Lakini tangu 1998 serikali ilikuwa imesimamisha kuandika walimu wapya. Watoto wakaongezeka, walimu wakabaki wale wale. Darasa la 40 likawa la 70, likawa la 90, na mahali pengine watoto walikaa sakafuni mpaka mlangoni. Pengo lile halikuzibwa. Miaka ishirini baadaye Tume ya Kuajiri Walimu yenyewe ilikuwa ikisema upungufu ni zaidi ya walimu 100,000.

Fanyeni hesabu ndogo nami, ya mtu wa darasa la nane. Mwalimu ana watoto 90. Amewapa insha moja ya ukurasa mmoja. Akisoma kila daftari kwa dakika tano, asahihishe, aandike neno la kumsaidia mtoto, ni dakika 450. Ni saa saba na nusu kwa insha moja, ya somo moja, ya darasa moja. Na siku hiyo ameshafundisha, na ana madarasa mengine. Basi atafanyaje? Atatia alama ya tiki bila kusoma, au hatawapa insha kabisa. Vyote viwili tumeviona katika madaftari ya watoto wetu, na tumesema mwalimu ni mvivu.

Tena Januari 2023 walileta Gredi ya 7 na kuiweka katika shule za msingi. Shule nyingi zilipata mwalimu mmoja au wawili wa kufundisha masomo yote, na wakati huo masomo yalizidi kumi. Mtu aliyesomea Hesabu na Fizikia akaambiwa afundishe Kilimo, Dini, na Muziki. Ni kama kumtoa fundi wa breki umpe kazi ya simu za stesheni, kisha treni zikigongana umwite mbele ya kamati.

Nafika kwenye kipande. Neno lenyewe halina harufu nzuri kwa wazee wetu waliotembea na kipande shingoni, lakini tuliache hilo. Fundi anafikiri kulipa kwa mtihani ni jambo jipya, na kwamba linakataliwa kwa sababu walimu wanaliogopa. Ni jambo kuukuu. Waingereza walilijaribu kwao tangu mwaka 1862. Inspekta alikuja shuleni, akawapima watoto kusoma, kuandika na hesabu, na pesa za shule zikatoka kwa kadiri ya waliofaulu. Walimu wakawakaririsha watoto kitabu kile kile mpaka wakakijua kwa moyo, na masomo yasiyopimwa yakaachwa. Kabla karne ile haijaisha Waingereza wenyewe wakaitupa kanuni hiyo.

Na fundi akisema hayo ni ya Uingereza, basi twende Busia na Teso, ambako ni njia yetu ya reli ya Malaba. Mwaka 1998 na 1999 shule 50 za msingi huko zilipewa ahadi: walimu watapata zawadi kama watoto watafanya vizuri katika mtihani. Watafiti wakaangalia kilichotokea. Walimu hawakuhudhuria kazini zaidi ya zamani. Hawakutoa kazi ya nyumbani zaidi. Walichoongeza ni vipindi vya kujitayarisha kwa mtihani. Alama zikapanda katika mtihani ule wenye zawadi, na baadaye faida ile ikapotea, haikukaa kichwani mwa watoto. Ukilipa alama utapata alama. Mimi nataka mwanangu ajue kusoma.

Kuna jambo jingine baya zaidi. Mwalimu anayelipwa kwa waliofaulu atamfanyaje mtoto mzito? Mtoto wa mama anayeuza mboga relini, anayefika shuleni mara tatu kwa wiki kwa sababu analea mdogo wake? Huyo anakuwa hasara katika hesabu ya mwalimu. Atamwambia mama yake amhamishe, au amrudishe darasa la nyuma. Hata bila kulipa kwa kipande mambo haya yamekuwako, shule zikiwaficha watoto dhaifu ili jina la shule lipande. Sasa tuyatilie na pesa?

Lakini jambo ambalo lingetunyima usingizi sisi wafanyakazi, hata tusio na watoto shuleni, ni vibarua wa kufundisha. Serikali inawaita "walimu wa mafunzo ya kazini." Ni watu waliokwisha kusoma, wana cheti au digrii, wamesajiliwa, wanafundisha darasa zima peke yao bila mtu wa kuwafunza lolote. Wa sekondari ya chini walipewa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, wa shule ya msingi 15,000. Kazi ni ile ile ya mwalimu wa chumba cha pili anayelipwa mshahara kamili na ana likizo na pensheni.

Aprili 2024 Mahakama ya Kazi ilisema wazi kwamba Tume haina haki ya kuandika walimu kwa namna hiyo, na kwamba ni kuvunja haki ya mfanyakazi ya kutendewa kwa usawa kazini. Vijana wakagoma mwezi wa Mei, wakatishwa kwa barua za kufukuzwa. Baada ya kelele nyingi, Januari 2025 waliokuwa wamefanya kazi hiyo wakaingizwa katika kazi ya kudumu. Mkafikiri yamekwisha? Mwezi ule ule wakaandikwa vijana wengine 20,000 kwa masharti yale yale.

Wenzangu, mnaifahamu njia hii. Babu zetu walijenga kwa kibarua. Walipigania kutoka katika kibarua cha siku wakaingia kazi ya mwezi, na kutoka kazi ya mwezi wakapata pensheni. Leo mkiangalia karakana, uwanja wa mizigo, hata mlango wa geti, ni wangapi wana kazi ya kudumu na ni wangapi wameletwa na kontrakta? Kila tajiri akitaka kuturudisha nyuma hutafuta mfano. Serikali ndiyo tajiri mkubwa kuliko wote. Ikikubaliwa kwamba mtu mwenye digrii anaweza kusimama darasani miaka miwili kwa kibarua, nani atamsikiliza mtu wa gengi akidai kudumu? Barua ile mliyoipigia kelele ilikuwa inazungumza habari zenu.

Najua kuna watakaoniambia: mbona huko Magharibi mwa Kenya ilionekana kwamba walimu wa mkataba, walioandikwa na kamati za wazazi, walifika darasani kuliko wale wa kudumu, na watoto wao walifanya vizuri? Ni kweli, ilionekana hivyo, kuanzia mwaka 2005, wala sitaificha. Lakini tazameni vizuri kilichomfanya yule mwalimu afike. Aliandikwa na wazazi, wazazi walimwona kila siku, na alitumaini kwamba akifanya vizuri atapata kazi ya kudumu. Baadaye serikali ilipojaribu kuwaandika walimu wa mkataba kwa mkono wake, kutoka ofisi ya mbali, mshahara ukachelewa na watoto hawakupata faida yoyote. Umaskini wa mwalimu haukumfundisha mtoto. Kilichofanya kazi ni jicho la mzazi.

Na hapo ndipo nilipotaka kufika. Mwalimu atoe hesabu, nakubali kwa sauti kubwa kuliko fundi. Atoe hesabu kwa nani? Tangu mwaka 2016 walimu wanajaza fomu za TPAD. Mwalimu anajipima mwenyewe, mwalimu mkuu anampima, zinapelekwa kwa kompyuta. Katika shule isiyo na umeme mwalimu anaacha darasa aende mjini kwenye duka la intaneti kuandika kwamba hakuacha darasa. Alama zinapanda, kila mtu amefanya vizuri. Je, katika miaka yote hii kuna mzazi hata mmoja hapa landi aliyewahi kuonyeshwa karatasi hiyo? Hesabu inatoka kwa mwalimu inakwenda Nairobi, inapita juu ya vichwa vyetu kama waya wa simu.

Sheria ile ile ya 2013 iliwapa wazazi viti katika bodi ya shule. Viti hivyo vinakaliwa na nani? Na mwenye duka, na mhubiri, na mtu wa chifu. Mtu wa reli hayumo, kwa sababu siku ya uchaguzi yuko zamu, au anasema mambo ya shule ni ya wanawake. Tunapiga kelele mkutanoni juu ya walimu ambao hatujawahi kwenda kuwaona kazini. Katika kitabu cha stesheni imeandikwa kila treni ilifika saa ngapi na kuondoka saa ngapi, na kitabu hicho hakimtukani dereva wala hakimpendelei. Darasani hakuna kitabu kama hicho ambacho mzazi anaweza kukifungua. Hicho ndicho tukidai. Kila kipindi kiandikwe, mwalimu alikuwapo au hakuwapo, na kama hakuwapo ni kwa nini. Mtu wa bodi aliyechaguliwa na wazazi akisome kila mwisho wa wiki. Katika kitabu hicho hicho iandikwe idadi ya watoto, idadi ya vitabu, na tarehe pesa za serikali zilipofika. Ile shilingi 1,420 ya kila mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka mzima, ilifika mwezi gani, na ilifika yote? Hapo hesabu itakuwa ya pande zote mbili, na hakuna atakayejificha nyuma ya mwenzake.

Nina neno kwa viongozi wa walimu pia, kwa kuwa sisi ni wanachama wa vyama na tunaweza kuambiana. KNUT ilizaliwa Desemba 1957, wakati walimu walikuwa wakilipwa na misheni hii na halmashauri ile, kila mmoja bei yake, mshahara ukichelewa miezi. Chama kilidai mwajiri mmoja na masharti mamoja, na mwaka 1967 ikaundwa Tume. Hiyo ilikuwa kazi ya heshima. Lakini kuanzia mwaka 2019 mliona jinsi tajiri alivyokivunja chama hicho kwa mkoba. Waliobaki wanachama walinyimwa nyongeza, waliotoka wakapewa. Kutoka wanachama zaidi ya 180,000 kikabaki na chini ya 20,000 mwaka 2021. Mbona wazazi hawakulia siku ile? Mbona hakuna tawi la wafanyakazi wengine lililotoka barabarani? Kwa sababu wazazi walikuwa wamemwona mtu wa chama akija shuleni mara moja tu, kumtetea mwalimu aliyempa mtoto mimba, ahamishiwe shule nyingine akaendelee. Mwalimu wa namna hiyo si mfanyakazi mwenye shauri na tajiri wake. Apelekwe polisi, na jina lake lifutwe katika daftari la walimu. Chama kitakachosema hivyo bila kutafuna maneno kitapata wazazi nyuma yake siku ya mgomo, na kitakachonyamaza kitagoma peke yake.

Na walimu, mtuvumilie, acheni kututazama kama watu wa chini. Mko na tai, sisi tuna grisi, lakini mwisho wa mwezi sote tunasubiri pesa ya mtu mwingine. Januari 1947 Mombasa, watu wa reli, watu wa bandari, wapishi wa hoteli na maboi wa nyumbani waligoma pamoja, karibu 15,000. Hakuna aliyeuliza nani amesoma na nani hajasoma. Serikali ya wakoloni ililazimika kuunda baraza la kuchunguza mishahara, na mishahara ikapanda, hata kama Chege Kibachia alikamatwa mwaka ule ule na kuondolewa mjini.

Basi, mkutano ujao barua ile irudi mezani. Nitaomba kura juu ya mambo haya: tawi letu liunge mkono kila mwalimu wa kibarua aandikwe kazi ya kudumu kwa mshahara kamili, tukatae kulipa kwa mtihani, tuwaandikie walimu wa shule yetu kwamba tunataka kitabu cha vipindi kilicho wazi kwa wazazi, na kwamba tutasimama nao siku ya mgomo kama wao watakikubali, na tuchague wanachama wawili, mmoja mwanamke, wagombee viti vya wazazi katika bodi. Zamu za siku ya uchaguzi wa bodi zipangwe mapema ili watu wetu wapate nafasi ya kwenda.

Fundi nimemwambia mwenyewe kwamba naandika. Amesema atakuja na hesabu zake. Aje nazo.

Wenu katika kazi,
Mfanyakazi wa Reli